Kitambaa cha Mbuzi Saba

Msusi wa mlango wa pili aliingia dukani kilemba kimeenda upande, chanuo bado limechomekwa kichwani. Bibi mtarizi, kabla hajamwuliza kitu, alichomeka sindano yake kwenye kifuko cha pamba alichokishonea kifuani mwa aproni, kwa kuwa hakupenda kupokea habari mbaya akiwa na kitu chenye ncha mkononi.

"Wamenichukua, Bibi," msusi alisema, akajibwaga juu ya rundo la foronya.

"Wamekuchukuaje na umenikalia foronya hapa? Hizo nimezipiga pasi leo."

"Ukurasa wangu! Wadukuzi wamenichukulia ukurasa wangu, picha zangu, wateja wangu, kila kitu. Miaka tisa ya vichwa vya watu!" Akanyanyuka kidogo, Bibi akawahi kuchomoa foronya mbili, akakaa tena juu ya zilizobaki. "Sasa hivi ukiufungua utakuta wanauza dawa ya kupunguza tumbo. Kwa jina langu, na picha yangu nimecheka. Wifi yangu keshaagiza chupa mbili, halafu kanipigia kuniuliza tangu lini tumbo lake linanikera."

"Umefungua mwingine?"

"Nimefungua. Nina wafuasi kumi na mmoja. Wanne ni wanangu, na mmoja wao kaingia kwa kutishiwa."

"Walipitia wapi?" sauti iliuliza nyuma ya cherehani. Huyo alikuwa Kidole, mjukuu wa Bibi, binti wa miaka ishirini na minne, aliyebandikwa jina hilo na Bibi mwenyewe kwa jinsi kidole gumba chake kinavyokimbia juu ya simu. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga picha za kazi za dukani na kujibu wateja mtandaoni.

"Alinipigia mtu, sauti laini kama losheni. Akasema yeye ni wa ofisi ya usalama, kuna mwizi ananinyemelea, basi nimtajie namba sita zilizoingia kwenye simu yangu ili amzuie. Nikamtajia." Msusi akaangalia sakafu. "Na nikamwombea dua njema."

Alipoondoka, Bibi hakurudi kwenye sindano. Alikaa ameshika zile foronya mbili magotini.

Kazi ya mtarizi ina jambo moja la kusikitisha. Seremala aweza kukalia kiti alichokitengeneza mwenyewe, na mpishi huonja cha kwenye sufuria yake. Lakini kitambaa kikiisha kutariziwa hukunjwa, hufungwa kwa karatasi, hutoka mlangoni kwapani mwa mtu, na mtarizi hakioni tena. Bibi alikuwa ametoa vitambaa mlangoni kwa miaka arobaini. Miaka sita iliyopita Kidole alipofungua ukurasa na kuuita Sindano ya Bibi, ndipo wateja wa zamani walipoanza kuleta picha. Kitambaa cha meza chenye mizabibu, ambacho sasa kiko kwenye meza ya tatu. Gauni la harusi la mama ambaye leo ni nyanya wa watu. Shuka la mawaridi lililopauka hata mawaridi yakawa kama kabichi, na mwenyewe bado analitandika. Kazi zote zile Bibi alizifanya kwa macho ya enzi zile. Macho ya sasa yalikuwa na ukungu, na hata uzi alitungiwa na Kidole. Mizabibu ile asingeweza kuirudia tena hata kwa kubembelezwa. Kila alasiri, chai ikiisha, alishika kioo chake cha kukuzia na kumwambia mjukuu, "Haya, nitembeze kwenye kazi zangu," na Kidole akamtembeza.

Sasa akawaza mizabibu yake ikiondolewa na kuwekwa chupa za dawa ya tumbo.

"Njoo hapa, mke mwenzangu," alimwita Kidole. "Hebu nionyeshe mlango wetu unavyofungwa."

"Neno letu la siri ni lipi, Bibi?"

"Si sindano123?"

"Sema polepole!"

"Niseme polepole kwa lipi? Hata fundi viatu wa ng'ambo ya barabara analijua. Ndiye aliyenifungulia siku uliyokwenda kung'olewa jino."

Kidole alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akavuta stuli, akakaa mbele ya bibi yake kama mwalimu aliyepewa mwanafunzi mmoja tu na hana budi afaulu.

"Sikiliza. Kwanza liwe refu. Lisiwe jina la mtu wala mwaka wa kuzaliwa. Liwe jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hawezi kuliwaza."

"Hapo umefika kwangu."

"Usiache nafasi kati ya maneno, na uchomeke tarakimu mahali. Pili, usiliandike. Si kwenye daftari la vipimo, si kwenye karatasi, si ukutani nyuma ya kalenda, maana najua ndiko unakoficha namba za simu. Tatu, usimwambie mtu. Hata mimi."

"Hata wewe? Mimi na wewe tuliogawana mume mmoja?"

"Hata mimi. Simu ya dukani imeshafunguliwa, sina haja ya kulijua. Nisipolijua, hakuna atakayenilaghai nilitaje. Juzi tu nusura nibonyeze linki ya kushinda friji."

Basi Kidole akageukia ukuta, na Bibi akaandika neno jipya kwa kidole cha shahada, herufi moja pumzi moja, mpaka maji ya chai yakachemka yakatulia. Kisha Kidole akaweka kizuizi cha pili. "Lile neno ni kitasa," alieleza. "Hili ni komeo la ndani. Mtu akijaribu kuingia kwa simu ngeni, namba sita zitaletwa kwenye kile kisimu chako cha vibonyezo wanachokupigia wateja. Bila hizo hapiti. Na hizo namba humtajii mtu yeyote."

"Hilo hunifundishi," Bibi alisema.

Na kweli hakuhitaji kufundishwa. Daftari la vipimo la duka lile lilifungwa kwa utepe wenye mafundo matatu, na kwa miaka arobaini hakuna kiuno kilichowahi kutoka humo kwa njia ya simu. Mama mmoja aliwahi kupiga akitaka kujua kifua cha jirani yake. Bibi alimjibu aje mwenye kifua. Bwana mwingine alitaka kumshonea mkewe gauni la kumshtukiza, akabembeleza apewe vipimo vya mke. Bibi akamwambia amlete mkewe amefungwa macho. Walikuja hivyohivyo, mke ameshikwa mkono, akamkanyaga paka njiani.

Tatizo lilikuwa kichwa. Siku ya tatu, Bibi akiwa anapiga pasi, alijikuta hana hakika kama ni mbuzi au kondoo. Jasho likamtoka. Daftari amekatazwa, karatasi amekatazwa, ukuta amekatazwa. Lakini tangu usichana wake, kitu asichotaka kimponyoke alikitarizi. Tarehe za kuzaliwa za wanawe alizitarizi kwenye nepi zao. Namba ya kiatu ya marehemu mumewe aliitarizi kwenye leso, na mpaka leo akiulizwa angeitaja.

Akachukua kipande cha kitani cheupe. Alikishughulikia kwa alasiri nne. Katikati, kwa uzi wa buluu na mshono wa mnyororo, akatia herufi zote zikiwa zimeshikana kama alivyoagizwa: mbuzi7wamevaamiwani. Pembeni, kwa sababu hakuwahi kuacha kitambaa kikiwa na maneno matupu, akawazungusha mbuzi saba, kila mmoja na miwani yake. Mmoja alikuwa na miwani ya jua. Mwingine kioo kimoja kina ufa na mkono umefungwa kwa uzi, kama ya Bibi mwenyewe. Wa saba, bila ya kukusudiwa, alitoka amefanana kidogo na marehemu mumewe, hasa pale kidevuni. Akakitandika kwenye mgongo wa kiti chake, akakiegemea, roho ikatulia. Hakuwa ameandika popote.

Kidole alikiona kitambaa, na hakushangaa. Mwaka uliopita Bibi alitarizi samaki ameshika mwavuli.

Wiki iliyofuata Bibi alikwenda kupimwa macho asubuhi. Aliporudi, dawa bado inamwasha na barabara yote anaiona kama imepakwa mafuta, alimkuta Kidole anacheza katikati ya duka.

"Bibi, umelipua! Kile kitambaa cha kwenye kiti nimekipiga picha, nikakibandika. Watu mia tisa wamekipenda! Na mwenye nyumba ya wageni, yule aliyekuwa anasuasua mwezi mzima, anataka arobaini vya viti vya chumba cha kulia. Anasema hivyohivyo, na maneno yake hayohayo, usipunguze hata mbuzi mmoja."

Bibi aliegemea mlango. "Kitambaa kipi?"

"Cha mbuzi."

"Wamekiona watu wangapi?"

"Mpaka sasa? Elfu tatu na ushei."

Bibi alitafuta mahali pa kukaa, akapata rundo la foronya, akalikalia yeye mwenyewe.

"Futa," alisema.

"Nifute nini?"

"Picha. Ifute sasa hivi."

"Kwa nini?"

"Siwezi kukwambia."

"Kwa nini huwezi kuniambia?"

"Kwa kuwa ni wewe."

Kidole akamgusa paji la uso. "Wamekutilia dawa gani machoni, Bibi? Miaka sita hatujapata siku kama ya leo! Hao mbuzi wamekukosea nini?"

"Mbuzi hawana kosa. Futa, mwanangu, nakuomba kwa heshima zote."

"Hebu kwanza sikiliza wanavyokusifu, moyo wako ulainike." Kidole akaanza kusoma kwa sauti. "Huyu anasema, 'Mbuzi wa tatu ni baba mkwe wangu mtupu.' Huyu, 'Bibi, usife leo wala kesho.' Huyu anauliza kama unaweza kumtilia ng'ombe. Na huyu hana hata picha, anasema, 'Maneno yameshikana hivyo na tarakimu katikati, utadhani neno la siri.' Watu arobaini wamemcheka."

Kidole naye akacheka. Kicheko kilifika katikati kikakatika, kama uzi uliokwama kwenye cherehani. Aliangalia kitambaa. Akamwangalia Bibi. Bibi alikuwa anaangalia dari.

"Bibi."

"Abee."

"Niambie si kweli."

"Ulisema nisikwambie."

Hapohapo kile kisimu cha vibonyezo kililia ndani ya mfuko wa aproni. Ulikuwa ujumbe: namba sita. Mtu alikuwa ameshapita kwenye kitasa, amesimama mbele ya komeo.

"Yuko mlangoni," Kidole alinong'ona, uso umembadilika. Akairukia simu ya dukani. "Nabadilisha neno. Lazima nianze na la zamani..." Akachuchumaa nyuma ya kiti, akaanza kulinakili kutoka kwenye mgongo wake, herufi kwa herufi, "m, b, u, z, i, saba..."

Kisimu kikalia tena. Safari hii mtu alikuwa anapiga. Bibi alikipokea, akakiweka sikioni, na kwa mkono wa pili akamwashiria mjukuu wake aendelee.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti laini kama losheni.

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo, mama yangu. Naongea na mwenye Sindano ya Bibi? Mimi ni wa ofisi ya usalama. Kuna mtu mbaya anataka kuingia kwenye ukurasa wako."

"Ala! Yuko karibu?"

"Karibu sana, mama."

"Hata mimi naona kama namsikia."

"Basi tusichelewe. Kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako. Nitajie nimzuie."

"Zimeingia, ninazo." Kidole aliinua kichwa, macho yamemtoka. Bibi akamtikisia mkono. "Lakini, baba, hapa dukani namba hazitolewi kwa simu. Ndio utaratibu wetu. Mwenye namba huja mwenyewe."

"Mama, hizi si namba za nguo."

"Namba ni namba. Kama una haraka sana, nikukadirie hapohapo ulipo. Wewe ni mrefu?"

"Wa... wa kawaida. Mama, zile namba..."

"Mwembamba, au una mwili?"

"Nina mwili kidogo. Mama, huyu mtu anaingia sasa hivi!"

"Mwache apumzike, mlango wenyewe mzito. Tumbo lilianza lini?"

"Mama!"

"Usione aibu, baba. Nauliza kwa kuwa kuna dawa ya kupunguza tumbo, inauzwa kwenye ukurasa wa msusi wa hapa jirani. Labda unaijua."

Nyuma ya kiti Kidole alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi na ndoo. "Neno jipya limekataa," alinong'ona. "Linasema fupi." Bibi akamwonyesha kwa mikono: refusha, refusha, kama anayepima pazia.

"Mama, unanipotezea muda," sauti ikasema, na losheni yote imekauka.

"Wangu upo, mimi nimekaa. Tuendelee. Kiuno?"

"Thelathini na... Mama, kiuno changu kinakuhusu nini?"

"Haya! Umeona?" Bibi alisema kwa furaha ya kweli. "Hata wewe chako hutaki kukitaja kwa simu kwa mtu usiyemjua. Sasa namba zangu unazitakia nini?"

Simu ikakatwa.

"Tayari!" Kidole akaruka, akapiga kichwa kwenye ubao wa kupigia pasi. "Nimebadilisha! Na kila simu ngeni nimeifungia nje. Bibi, hakuingia. Hakuingia hata unyayo."

Bibi hakushangilia. Alitafuta kioo chake cha kukuzia kwenye kikapu cha nyuzi, akashika mkasi mara mbili badala ya kioo. "Nitembeze," alisema.

Kidole akakaa naye juu ya foronya, wakatembea. Mizabibu ilikuwepo. Gauni lilikuwepo, na pengo la lulu moja iliyokosekana kwenye pindo, ambalo Bibi peke yake ndiye aliyelijua. Lile shuka lilikuwepo na kabichi zake. Alizipitia zote mpaka ya kwanza kabisa, ndipo akashusha kioo na kufuta macho, akasema ni ile dawa ya hospitali.

"Nilikwambia usiandike popote," Kidole alisema, bila ya ukali.

"Sikuandika."

"Bibi!"

"Ulitaja daftari, karatasi na ukuta. Kitambaa hukukitaja. Na mimi nilikaa nacho mgongoni mchana kutwa, ni wewe uliyekwenda kukionyesha kwa watu elfu tatu."

Kidole akachukua foronya moja, akaanza kuikunja upya.

Jioni ile walikubaliana mambo mawili. La kwanza, picha isifutwe, kwa kuwa mbuzi sasa hawafungui chochote na nyumba ya wageni inawasubiri kwa hamu. Kidole akazichora herufi na mbuzi kwa penseli ili macho ya Bibi yasiumie, Bibi akazitia nyuzi, na vile vitambaa arobaini vikaanza kutoka kimoja kimoja. La pili, msusi asaidiwe. Sindano ya Bibi ikatangaza kwamba ule ukurasa wa dawa za tumbo si wa msusi tena, na wake wa kweli ni huu mpya. Wiki haikuisha, wale wafuasi kumi na mmoja wakawa mia sita. Msusi alikuja kushukuru kwa chupa ya mafuta ya nywele, akatafuta foronya za kukalia, akakuta stuli imewekwa juu yake.

Likabaki lile neno la kudumu. Lile la siku ya vurugu alikuwa amelitunga Kidole, na Bibi hakulipenda, alisema halina ladha. Kidole akageukia ukuta tena, Bibi akaandika lake, herufi moja pumzi moja. Zikapita siku nne za amani. Siku ya tano, wakiwa wanafungasha vitambaa vya kwanza vya nyumba ya wageni, Kidole alishindwa kuvumilia.

"Bibi. Umelitarizi mahali?"

"Sasa nisingelitarizi, ningelikumbukaje?"

"Wapi?"

"Ondoa wasiwasi, mke mwenzangu. Liko kwenye pindo la shimizi langu, upande wa ndani. Mdukuzi akilitaka, aanze kwa kuleta posa."

Kidole alicheka mpaka akaishika meza. Alicheka akifunga kamba, akacheka akibandika karatasi, na bado alikuwa anacheka alipoinuka kwenda kuchukua mkasi dirishani.

Kamba ya nguo ya duka lile ilikuwa imefungwa kutoka kwenye nguzo ya mlango mpaka kwenye nguzo ya taa, barabarani, mbele ya fundi viatu na kila apitaye. Bibi alikuwa amefua asubuhi. Na kama alivyoanika nguo zake zote tangu usichana, ili jua lisizipaushe, shimizi lile jeupe alikuwa amelipindua ndani kuwa nje. Lilikuwa linapepea taratibu, pindo limenyooka vizuri, na wasichana wawili wenye simu walikuwa wamesimama chini yake, mmoja anamwambia mwenzake asogee kidogo, kivuli chake kinaharibu picha.

"Bibi!" Kidole alipiga kelele, akatoka mbio na mkasi mkononi.